Kompyuta Iliyorudishwa Januari

Tulipomzika Alban pale Ruangwa, kijana mmoja wa ukoo alisoma wasifu wa marehemu, na ndani yake ilisemwa kwamba baada ya kustaafu ubwana shamba marehemu alijishughulisha na upimaji wa mashamba ya wananchi, kazi ambayo “aliiacha kwa hiari yake kutokana na umri.” Nilikuwa nimeketi chini ya turubai, safu ya nyuma, na nikajikuta nikisema “Si kweli” kwa sauti iliyomfikia mzee wa kando yangu. Akanigeukia kama niliyetamka tusi. Sikumweleza kitu, maana maiti alikuwa mbele yetu na adabu ina mahali pake. Lakini nimetumikia masjala za serikali maisha yangu yote ya kazi, Nachingwea kwanza na Ruangwa baadaye, na sijapata kuizoea hali ya jambo lisilo kweli kusomwa hadharani, kuitikiwa na watu, na hatimaye kufukiwa pamoja na mwenyewe likawa ndiyo kweli. Alban hakuiacha kazi ile kwa hiari, na umri haukuhusika. Alinyang'anywa. Chanzo kilikuwa diski moja iliyoandikwa neno moja, beta, ambayo aliipokea kwa furaha sebuleni mwake mbele ya macho yangu, nami nikiipinga.

Ulikuwa mwaka wa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nilikuwa na umri ambao serikali bado inauita ujana, nimehamishwa kutoka Nachingwea kwenda Ruangwa, wilaya iliyokuwa imemegwa kutoka kwetu miaka michache kabla na ambayo majalada yake mengine yalikuwa bado sakafuni, yamefungwa kamba za katani kama mizigo ya msafiri asiyejua atafikia wapi. Sikuwa na mke pale wala jiko, kwa hiyo nilikula kwa Alban, aliyenikaribisha kwake. Sebule yake ilikuwa na meza moja tu ya maana, na meza hiyo ilikuwa ya kompyuta. Mke wake, Mama Anjela, alikuwa ameifumia kompyuta ile kitambaa cheupe chenye maua ya njano, akaifunika kama bibi harusi. Sisi watu tulikula mkekani, ming'oko, mizizi ya porini, ya kuchemsha asubuhi, ugali wa muhogo na kisamvu mchana, huku bibi harusi akitutazama kutoka juu. Umeme ulitoka kwa jirani mwenye mashine ya kusaga. Jenereta likiwashwa kwa ajili ya mahindi ya watu, Alban aliliacha tonge sahanini, akafunua kitambaa na kukaa kazini. Likizimwa, naye alizima, akarudi mkekani kumalizia chakula kilichopoa.

Kazi yenyewe naieleza kwa usahihi, kwa sababu baadaye iliitwa kwa majina mengi mabaya. Wakati wa operesheni ya vijiji vya ujamaa watu wa huku walihamishwa, wakaacha mikorosho yao porini. Waliporudi miaka mingi baadaye, miti ilikuwa imekua na kuchipua ovyo, wenyewe wengine wamekufa, na hakuna aliyejua kwa hakika mti upi ni wa nani. Wanakijiji walimwita Alban, mstaafu waliyemfahamu tangu alipokuwa akiwafundisha kupogoa na kupulizia salfa. Alitembea shambani na majirani wawili, mti kwa mti, hadi wakubaliane. Aliandika kwa penseli, akarudi kuchapa, akachapisha karatasi, na majirani wale wakaweka vidole gumba mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Karatasi ile haikuwa hati miliki, na sijawahi kusema ilikuwa. Yalikuwa makubaliano ya watu wazima walioonana uso kwa uso. Jumamosi nilifuatana naye, Chiola, Lionja na vijiji vya pembeni, na nakiri kwamba sijaona tena katika utumishi wangu kazi iliyoheshimiwa hivyo na watu ambao hawakulazimishwa kuiheshimu.

Miongoni mwa waliomngoja mwaka ule alikuwa Bibi Veronika, mjane wa Kimakonde katika kijiji kimoja ng'ambo ya Lionja. Jina la kijiji siliandiki kwa kuwa wahusika wengine wako hai. Wazazi wa mume wake walivuka Ruvuma kukimbia vita vya Msumbiji. Jirani yao, Mzee Sefu, Mmwera, mwenyeji wa asili, alimpa mume huyo kipande cha ardhi na mbegu za korosho, nao urafiki wao ukadumu. Sasa mume alikuwa amekufa, na watoto wa Mzee Sefu walikuwa wameanza kusema kwamba Mmakonde aliazimwa tu. Mzee Sefu mwenyewe alisema alimpa. Alikuwa mgonjwa wa kifua, akizungumza kwa vipande. Kila mtu aliyeyafahamu mambo haya alijua kwamba mikorosho ya Veronika inaning'inia kwenye pumzi za mzee yule, na kwamba ni lazima neno lake liandikwe akiwa hai.

Kompyuta ya Alban ilikuwa na ugonjwa wake pia. Iliganda. Alichapa ukurasa mzima wa mipaka, kisha mshale ukasimama katikati ya kioo na kazi yote ikapotea; karatasi ya familia moja ya Chiola aliichapa upya mara nyingi hadi Mama Anjela akaijua kwa moyo kama sala. Kwa hiyo mpwa wake, Dominik, mwanafunzi wa chuo Dar es Salaam, alipokuja likizo na diski yenye mfumo mpya wa kuendeshea kompyuta, alipokewa kama mganga.

“Anko, hii haigandi,” alisema, akiizungusha diski kidoleni. “Hii ni noma. Hii ni beta.”

“Beta kuliko ipi?” Alban akauliza.

“Kuliko zote!”

Wakacheka wote, na katika kicheko kile mambo yalikwisha kuamuliwa. Hapo ndipo ninapotaka msomaji aangalie vizuri. Kwetu sisi tuliosoma Kiingereza cha ubao na chaki, neno la Kiingereza la kusema kitu ni bora, better, na lile lililoandikwa juu ya diski hutamkwa sawasawa. Alban aliposoma beta alisoma bora. Mama Anjela alisikia bora. Mimi niliichukua karatasi iliyofunikia diski, nakala hafifu ya fotokopi, nikaisoma kama nilivyozoea kusoma kila karatasi inayopita mikononi mwangu, hadi mwisho. Ilisema kwamba hilo ni toleo la majaribio, kwamba lisiwekwe kwenye mashine yenye kazi ambayo mtu anaitegemea, na kwamba baada ya muda litakoma kufanya kazi lenyewe.

“Bwana Alban,” nilisema, “hii si bora. Beta ni herufi ya Kigiriki. Ya pili.”

“Mimi Mkatoliki, Bwana Masjala. Alfa naijua, Omega naijua. Hiyo beta padri hajawahi kuitaja.”

“Iko katikati yao. Maana yake kitu hakijafika Omega.”

“Basi si kimeshaondoka Alfa? Hayo si maendeleo?”

“Shemeji huyu,” Mama Anjela akasema kutoka mlangoni, “hata chai ukimpa anauliza imeandikishwa jalada namba ngapi.”

Niliendelea hata hivyo. Nilisema kwamba mtu hujaribia kitu kwenye mashine tupu, si kwenye mashine iliyobeba maneno ya watu. Niliuliza diski ya mfumo wa zamani iko wapi, ili tuweze kurudi nyuma mambo yakiharibika, na ikajulikana kwamba muuzaji wa kompyuta hakuwahi kuitoa. Nikaomba tungoje angalau flopi za kunakilia kazi iliyokwisha fanyika. Ruangwa flopi hazikuwapo. Zingeagizwa Lindi kwa basi. Dominik alikuwa akiondoka Jumatatu. “Sasa, Anko, mimi nikiondoka mtaiweka wenyewe?” aliuliza, na swali lake lilikuwa la haki. Alban alinijibu bila dhihaka, na jibu lake naliandika hapa kwa sababu ni stahili yake: “Wewe unaniambia hii mpya inaweza kuharibika. Ile ya zamani inaharibika kila siku, nami ndiye ninayelia. Hatari ninayoijua na hatari nisiyoijua, mbona wewe unaiona moja tu?” Dominik akaingiza diski, na kioo kikaleta maandishi marefu ya Kiingereza, na chini yake kitufe cha kukubali ambacho mtu angeweza kukibonyeza bila kusoma mstari hata mmoja. Katika ofisi yoyote niliyoitumikia, karani ambaye angemletea mwananchi karatasi ya namna hiyo angeandikiwa barua ya kujieleza. Alban alibonyeza.

Na ikafanya kazi. Hilo lazima niliseme, la sivyo nami nitakuwa kama yule msoma wasifu. Masika yote haikuganda hata mara moja. Alban alichapa na kuchapisha, watu wakaja na vidole gumba vyao, na sokoni wauza nyanya walinipa jina la Bwana Alfa, kwa kuwa, walisema, niligoma kuondoka kituo cha kwanza. Nimetafakari sana juu ya miezi ile. Nachingwea ni mji uliojengwa na jaribio la watu wengine: Waingereza waliokuja na matrekta kulima karanga, wakaleta na reli, kisha jaribio liliposhindwa wakaondoka, na baadaye reli nayo ikang'olewa, sisi tukabaki na tuta la udongo lililonyooka lisilokwenda popote. Aliyeanzisha jaribio alirudi kwao na taarifa. Wenyeji ndio waliobaki kuishi ndani ya matokeo. Nilimwambia Alban maneno haya siku moja tukila mkekani, akanijibu kwamba karanga zao angalau tulizila.

Ufuta ulipokuwa ukivunwa, kompyuta ilikataa kuwaka. Ilileta sentensi moja tu ya kwamba muda wa toleo la majaribio umekwisha. Tulikwenda chumba cha simu, tukamngoja Dominik aitwe huko bwenini kwake, na nilikuwa nimesogeza sikio karibu na la Alban, Dominik aliposema, “Anko, usipaniki. Kabla haijawaka vizuri kuna sehemu ya saa na tarehe. Irudishe nyuma. Irudishe Januari, itadhani bado mapema.” Alban alicheka kwa nafuu, akamshukuru Mungu kwanza, kisha mpwa wake. Sikucheka. Nilimwambia njiani kwamba tarehe si pambo la karatasi. Karatasi bila tarehe ni udaku, na karatasi yenye tarehe ya uongo ni kitu kibaya zaidi ya udaku. “Mashine ni yangu,” alinijibu. “Ikitaka Januari nitaipa Januari. Mimi na wewe tutajua leo ni lini.” Tangu siku ile kompyuta ya Ruangwa iliishi miezi mitano nyuma ya watu wa Ruangwa, na kila ilipochapisha karatasi iliweka yenyewe, chini kabisa, kwa maandishi madogo, tarehe iliyoiamini.

Agosti tulikwenda shambani kwa Bibi Veronika. Mzee Sefu aliletwa juu ya baiskeli iliyokokotwa, amejifunika shuka ingawa jua lilikuwa kali. Alipita mti kwa mti, akipumzika kila mmoja, akiugusa shina. “Huu alipanda huyu, mumewe,” alisema. “Mbegu nilimpa mimi. Huu pia. Andika wewe. Sikumwazima. Nilimpa.” Veronika alitembea nyuma yake hatua kadhaa, mikono kifuani, na walipofika mti wa mwisho alipiga magoti na kumshukuru kwa Kimakonde, naye akamjibu kwa Kimwera, na sisi wengine tukatazama pembeni. Juma lililofuata tulirudi na karatasi. Alban alikuwa ameandika Agosti katika maelezo. Chini, mashine ilikuwa imeandika Machi.

Niliiona kabla ya vidole gumba kuwekwa, nikamvuta kando. Nilimtaka aikate ile ya chini kwa kalamu, aandike tarehe sahihi na kutia saini ndogo pembeni, kama taratibu zinavyotaka. Alikataa. “Hawa hawajui kusoma, lakini mkwaruzo wanaujua,” alisema. “Wakiona nimekata kitu watasema nimebadilisha shamba. Mtu atasoma miti, Bwana Masjala. Nani anasoma unyayo wa karatasi?” Hoja yake ilikuwa na uzito, niliwahi kuona mwenyewe mkulima akikataa karatasi kwa sababu ya tone la wino. Vidole gumba vya Mzee Sefu na Bibi Veronika vikawekwa. Mwenyekiti akagonga mhuri wa kijiji, mhuri usiokuwa na sehemu ya tarehe. Mzee Sefu alikufa kabla mikorosho haijamaliza kutoa maua.

Msimu wa kuokota ulipoanza, watoto wake walikwenda baraza la kata. Mwanawe mkubwa alikuwa ameipeleka karatasi kwa mtu anayesoma, na mtu huyo alisoma unyayo. Tuliitwa, Alban na mimi. Chumba kilikuwa na benchi mbili na dirisha lisilo na kioo, na watu walijaa hadi nje, wengine wakinuka uraka, pombe ya mabibo ya msimu ule. Mwanawe mkubwa aliinua karatasi.

“Wazee wangu, hapa imeandikwa walikuja kwetu Agosti. Hapa chini, Machi. Machi nani alifika kule? Mto ulikuwa umejaa, hata mbuzi havuki. Hii iliandikwa huko huko Ruangwa, wametulia, halafu wakamletea baba yangu mgonjwa akandamize kidole. Shamba liligawiwa kabla halijakanyagwa!”

Mwenyekiti wa kijiji aliulizwa, akasema anakumbuka kugonga mhuri lakini mwezi hakumbuki. Veronika aliulizwa, na watu wakapiga kelele kwamba huyo ndiye mfaidika. Alban alisimama akaeleza kwamba ni kosa la mashine. Mmoja wa wajumbe akamuuliza kama mashine hiyo ina kalenda yake peke yake, na chumba kizima kikacheka. Kisha wakanigeukia mimi, mtumishi wa serikali, wakaniuliza kama tarehe ile ilijiweka au iliwekwa. Niliapishwa. Nilieleza yote kwa utaratibu: toleo la majaribio, muda wake kuisha, simu ya Dar es Salaam, saa kurudishwa nyuma. Nilieleza vizuri. Sijawahi kutoa maelezo yaliyonyooka kuliko yale. Nilipomaliza, mjumbe yule aliuliza swali moja.

“Kwa hiyo mlijua tarehe si ya kweli. Mkairudisha nyuma makusudi.”

“Ndiyo, lakini sababu yake…”

“Ahsante, bwana. Kaa.”

Kelele zilizofuata sitazieleza. Neno walilolitumia lilikuwa kughushi. Karatasi ilitupwa, na pamoja nayo neno la Mzee Sefu, ambalo sasa halikuwa mahali pengine popote duniani. Mikorosho ikarudishwa kwa watoto wake. Yapo mambo ambayo hata leo yananipandisha hasira: kwamba kweli tupu, ikitamkwa kwa kiapo, ilitosha kuuthibitisha uongo, kwamba waliotengeneza kitu kile waliandika onyo kwa lugha ambayo wenye kuathirika hawaisomi, wakajihesabu wamemaliza wajibu wao, kwamba Dominik alihitimu na sidhani alipata kukumbuka jambo lile. Tulitembea na Alban hadi barabara kuu. Tulipoketi kungoja gari alisema, “Ungenyamaza, Issa.” Hakuwa amewahi kuniita kwa jina. Nilimwambia kwamba nilikuwa nimeapa. Akasema, “Najua.” Hatukulizungumza tena katika miaka yote iliyofuata.

Habari ilifika Chiola kabla sisi hatujafika Ruangwa. Watu walianza kuja sebuleni na karatasi zao, mmoja mmoja, kwa adabu, wakamsalimia Mama Anjela, wakaziweka mezani kando ya kompyuta na kuondoka. Hawakumtukana. Wengine walisema tu, “Mzee, hizi kaa nazo,” kwa kuwa karatasi iliyotoka kwenye mashine ile sasa ilikuwa hatari kuwa nayo ndani ya nyumba. Jirani angeweza kuitumia kuthibitisha kwamba mwenye nayo ni mghushi. Hata karatasi zilizochapwa kabla ya Januari ile ya uongo zilirudi, zile zilizokuwa safi, na nilipowaambia wenyewe kwamba zao hazina kasoro walinitazama kwa huruma. Mipaka iliyokubaliwa mti kwa mti ikawa haijakubaliwa. Hakuna aliyemwita tena Alban shambani, na hiyo ndiyo hiari iliyosomwa makaburini.

Kabla msimu haujaisha alitaka twende kwa Veronika. Sikuona faida ya safari ile na nilimwambia hivyo, kisha nikaenda naye. Tulimkuta uani kwake. Nyumba alikuwa ameachiwa hadi mvua, ndivyo baraza lilivyoagiza, ili aondoke kwa utaratibu. Alban alianza kusema maneno aliyokuwa ameyapanga njia nzima, naye akamkatiza.

“Mmetembea jua lote hili. Mmekula?”

“Mama, tumekuja kukuomba…”

“Nimeuliza mmekula?”

Akaingia ndani, akatoka na ugali wa muhogo na mbaazi, akatunawisha mikono kwa birika, Alban kwanza, mimi pili. Aliketi kizingitini, mgongo wake kwetu, akitazama nje. Alban alikata tonge, akalishika, hakulipeleka mdomoni. Mimi nilikula, kwa kuwa kukiacha chakula kile kungekuwa kumkosea mara ya pili. Mikorosho ilianzia hatua chache tu nyuma ya nyumba, na upande ule tuliwasikia watoto wa wenye shamba wapya wakiokota, wakiitana, wakitupia korosho kwenye ndoo ya bati, moja moja, na Veronika akigeuza kichwa kidogo kila iliyodondoka, kama mtu anayehesabu zilizo zake.